Uwanja Wenye Moto Mmoja

Wiki iliyopita nilipanda Njombe kumsalimia mwanangu. Mimi kwangu ni Makambako, kwenye upepo, na upepo wangu nimeuzoea. Baridi ya Njombe ni kitu kingine, haikupigi, inakuingia polepole kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi niliamka kabla ya wenye nyumba, nikachukua kikombe cha chai nikakaa barazani. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Geti la mwanangu sikuliona, na lile geti ni kubwa, limemgharimu. Nyuma ya ukuta mtoto wa jirani alikuwa analia. Alilia, akanyamaza, akalia tena.

Mkwe wangu alipotoka nikamwuliza huyo mtoto ni wa nani. Akasema hajui, mama, wamehamia mwaka jana. Mama yake anaitwa nani? Hajui. Mtoto anaumwa au ana njaa? Hapo akanitazama kama nimemwuliza habari za mwezini. Ni binti mzuri, ana adabu, ananipikia vizuri, simsemi. Lakini chai ilinishinda kumaliza. Nikajifunga kitenge juu ya sweta, nikatoka, nikaifuata njia ambayo miguu yangu inaijua kuliko kichwa.

Pale palipokuwa uwanja wetu, nilipolelewa, sasa pana ghala la kufungashia maparachichi. Mlinzi akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia aendelee na kazi yake, mimi natazama tu. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anachoma mahindi kwa kuni za muwati, na ule moshi mzito, mtamu kidogo, ukapita katikati ya ukungu ukanifikia usoni. Basi nikasimama pale. Sijui nilisimama kwa muda gani.

Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, maana wewe una subira ya kusoma. Mimi shule niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Nimeuza viazi kwa debe, nikauza kwa gunia, nikauza kwa lori, na lori lilikuwa langu. Leo kuna watu wenye vyeti vya kufunika meza wanakuja Makambako kuniomba chumba cha kupanga. Kwa hiyo nikikuambia jambo kuhusu nyumba na watu wanaokaa ndani yake, sibahatishi. Nyumba nimejenga. Lakini nyumba iliyonilea mimi sijaweza kuijenga.

Uwanja ulikuwa wa bibi mmoja mjane. Hakuwa bibi yangu wa damu. Sote tulimwita Bibi, hata wanaume wazima. Watu walipoanza kushuka mjini kutafuta kazi, Wabena wa vijiji vya jirani, Wapangwa, Wakinga kama baba yangu aliyetoka Matamba, yeye aliwaruhusu wajenge kwenye kiwanja chake. Sharti lake lilikuwa moja: jenga chumba chako upendavyo, ila ndani usipike. Nyumba zilikuwa za nyasi, na utotoni mwake alishaona moto ukila kijiji siku ya upepo. Katikati akasimamisha jiko kubwa la mabanzi ya mbao, akaliezeka kwa bati, na moto wa humo haukuzimwa. Vyumba vikalizunguka. Kila mlango ulitazama moto.

Nikifumba macho naanza kusikia. Nasikia mvua juu ya lile bati, lililokuwa bati pekee pale uwanjani, na sisi watoto tumejipanga chini yake, migongo kwenye mabanzi, miguu kuelekea mafigani. Nasikia mchi. Nasikia wanakwaya wakijaribu sauti kanisani, wanaanza, wanakosea, wanaanza tena, na mama mmoja jikoni anawamalizia wimbo huku anapepeta maharage. Harufu ya viazi vilivyofukiwa majivuni, ngozi imeungua upande mmoja. Harufu ya majani ya maboga. Harufu ya sweta bichi linalokaukia karibu na moto. Nje sakitu, ule umande ulioganda, imeyafanya majani meupe, ukikanyaga inalia chini ya unyayo. Ndani uji wa ulezi unachemka kwenye sufuria kubwa nyeusi, na hakuna aliyejua ule ulezi uliletwa na nani.

Kina mama walipokezana kupika. Anayepika leo ndiye anayebaki na watoto wote, na wengine wanakwenda zao shambani au sokoni mikono mitupu, mgongo mwepesi. Wewe fikiria hilo peke yake. Mkwe wangu hajawahi kwenda sokoni mgongo mwepesi tangu azae. Mvua ikianza, yeyote aliyepo anaanua nguo za wote. Shoka lilikuwa moja, zuri, na lilinolewa vizuri kwa sababu lilikuwa la watu wengi. Aliyepata nyama aliitia kwenye chungu cha wote, maana angeificha wapi, na pua zote zile? Mpasua mbao mmoja alinung'unika sana juu ya hilo. Alisema anapasua magogo kutwa nzima ili ale vipande viwili. Mke wake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi kama msumeno wa mumewe, alimjibu kwamba siku asizopata kazi huwa hamsikii akinung'unika.

Usidhani ilikuwa peponi. Waligombana. Waligombania sufuria iliyoungua, waligombania zamu, na Jumapili jioni ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukishapita kwa wanaume yalisemwa maneno. Lakini mtu hawezi kununa siku nyingi na mtu ambaye lazima amsogelee kwenye moto. Baridi ya Njombe ilikuwa inawapatanisha.

Na watoto tulikula kwa kimo. Hili ulielewe vizuri, ndilo lenye habari yenyewe. Wadogo sinia lao, wa kati lao, wasichana wakubwa lao, wavulana wakubwa lao. Hukula na mama yako. Hukuitwa kwa jina la mama yako. Anayepakua anapakua sinia, hapakui mtoto. Na ilikuwa aibu kubwa, aibu ya kutosha kumfanya mtu akae chumbani siku nzima, mwanamke kusema kwamba yeye anamlisha mtoto wa fulani. Mwanamke mmoja aliwahi kulisema kwa hasira, na Bibi alimwambia achote unga wake, achukue jiwe moja la figa, aende akapike mbele ya mlango wake peke yake. Alikaa pale na jiwe lake moja. Sufuria haikai juu ya jiwe moja. Kabla jua halijazama alilirudisha.

Jioni kila mlango ulimtuma mtu na chungu kilichopasuka kuja kuchukua makaa ya kupasha chumba, makaa yasiyo na mwali. Bibi aliketi kwenye kigoda na koleo lake akigawa, akimwuliza kila mmoja, huko kwenu wazima? Hivyo ndivyo alivyojua mambo yote. Jioni moja ya kipupwe mimi sikwenda kuchukua makaa, kwa kuwa mama aliniambia tusisumbue, tulale tu. Bibi aligawa, akangoja, kisha akainuka na makaa mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Akamkuta mama anakohoa kwenye kitenge, na kitenge kina damu.

Baba wakati huo hakuwepo. Alikwenda kukata mkonge mbali huko, na barua zake zilipungua mpaka zikaisha. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado hajaota meno yote, na mama. Kesho yake wanaume wa uwanjani walimbeba mama mpaka hospitali ya misheni. Wakasema atakaa sana, kifua si ugonjwa wa wiki. Mdogo wangu alikuwa na tabia yake, halali bila kushika sikio la mama. Usiku ule alilishika langu. Akaendelea kulishika kipupwe chote, na mvua za kwanza, na njegere zikachanua, na mama bado yuko misheni. Na sisi tulikula. Tulioga. Mwalimu mmoja wa kike aliyepanga chumba cha kona alitufumia sweta kwa nyuzi za masalia, mkono wa bluu, kifua cha njano, mgongo rangi yoyote iliyobaki. Alitufumia watoto wote hivyo hivyo. Tukawa kama kundi la ndege wa ajabu.

Ndipo baba mkubwa akaja kutoka Matamba.

Alishuka kwenye lori la viazi, mchana, amevaa koti zito na kofia, fimbo mkononi. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba. Habari za mama zilimfikia zikiwa zimechelewa, na alikuja na nia njema, nakuambia leo, ingawa siku ile nilimwona kama mwewe. Mimi na wenzangu tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Yeye alisimama nje, na mabanzi yalikuwa na nyufa, kwa hiyo nilimwona na nilimsikia.

Alimsalimia mke wa mpasua mbao aliyekuwa anaanika nguo, akajitambulisha, akamshukuru kwa kuwatazama watoto wa ndugu yake. Halafu akauliza swali la haki kabisa. Aliuliza ni nani anayewalisha.

"Mimi hapana, shemeji," mke wa mpasua mbao akasema. "Siwalishi mimi."

Akamwendea mwalimu, aliyekuwa mlangoni kwake na sindano zake za kufumia. Mwalimu akaona haya, akasema hata yeye hapana, asije akamsingizia. Akamwendea mwanamke wa tatu, na yule aliapa kabisa kwamba tangu mama yetu aondoke hajawahi kuwalisha hata siku moja. Unaona walivyokuwa? Kila mmoja alijibu kwa heshima, vile alivyofundishwa kujibu pale uwanjani. Na kila jibu lilikuwa jiwe kifuani mwa yule mzee.

Nikamwona uso wake ukibadilika. Alizungumza Kiswahili cha kuvuta, na hasira ilipopanda Kikinga kikaingia katikati. Alisema kumbe watoto wa ndugu yake wanaishi kama kuku, wanadonoa wanapopata. Alisema lori linarudi kesho asubuhi. Msichana atakwenda naye Matamba, mke wake anahitaji mkono shambani. Mvulana atamwacha Iwawa kwa shangazi yetu, ambaye hakujaliwa mtoto. Alipanga yote pale pale amesimama, kama mtu anayepanga magunia.

Kisu kikanitoka mkononi. Matamba kuna baridi ya Kitulo, sikuiogopa. Shamba sikuliogopa, nilikuwa na mikono kama ya mtu mzima. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: huko Iwawa mdogo wangu atashika sikio la nani?

Bibi alikuwa amekwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama. Aliporudi nilimkimbilia, nikamweleza yote kwa pumzi moja, kamasi na machozi pamoja. Hakunibembeleza. Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, akaniambia niende nikamalizie viazi na nisije nikamsogelea yule mgeni, wala mdogo wangu asimsogelee. Akaenda kumsalimia. Kamwene, baba. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia umekuja kutoka mbali, umechoka, watoto wa ndugu yako ni damu yako na hakuna mtu hapa atakayekuzuia. Kula kwanza.

Jua lilikuwa linazama na ukungu umeanza kurudi, unaingia uwanjani kwa miguu yake ya taratibu, unafuta mlango mmoja, unafuta na wa pili, mpaka dunia nzima ikabaki jiko na mwanga wake. Watoto wakaja kutoka kila upande, wenye kuni, wenye ndoo za maji, wenye mifuko ya maranda kutoka kwa wapasua mbao. Masinia yakawekwa. Ugali, maharage, majani ya maboga. Tukaketi kila mtu kwenye kimo chake. Baba mkubwa alipewa kigoda upande wa wanaume. Mdogo wangu alikuwa sinia la wadogo, mimi la kati, na nilitazama chini nikihesabu punje za maharage.

Bibi akamwambia, "Haya baba, watoto wa ndugu yako ni hao. Waite wawili wako, waje wakae na wewe."

Mimi aliniona mara moja tu, mdogo wangu akiwa bado tumboni. Lakini hakusema hajui. Mwanaume wa makamo yake hawezi kusema hamjui mtoto wa ndugu yake. Akainuka na fimbo yake, akapita nyuma yetu. Nilisikia koti lake likisugua mabanzi. Alikuwa anatafuta njaa, nilijua. Alikuwa anatafuta mtoto asiye na mtu.

Kwenye sinia la wadogo akasimama nyuma ya mtoto mmoja mwembamba, shingo kama bua, sweta limetoboka kiwiko. Akamwekea mkono kichwani. Akasema huyu ndiye, mtu hahitaji kuambiwa, mwone alivyo.

"Huyo wa kwangu, shemeji," mke wa mpasua mbao akasema. "Na usimwone hivyo. Hapa hakuna anayekula kumshinda, muulize baba yake."

Wanaume wakacheka kwenye vikombe. Mpasua mbao akasema kweli tupu, yule mtoto anakula kama msumeno unavyokula gogo, sijui chakula kinakwenda wapi. Baba mkubwa hakucheka. Akaja kwenye sinia letu. Kulikuwa na msichana amenuna, amekaa pembeni, hataki kusogea, nywele hazijachanwa. Akamwonyesha kwa fimbo.

"Huyo ni mjukuu wangu," Bibi akasema taratibu. "Amenuna kwa sababu nimemnyima kwenda kwaya."

Hapo hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alisimama katikati ya masinia yale na macho yake yakazunguka, mikono ya bluu, vifua vya njano, midomo yenye mchuzi, na nikaona kwamba hawezi. Tulikuwa mbele yake, damu yake, na hawezi kututofautisha na watoto wenye mama. Mdogo wangu alikuwa karibu kabisa na goti lake, shavu limejaa ugali.

Bibi akasema, "Hawa wanawake hawakukudanganya, baba. Hakuna anayewalisha. Wanakula."

Yule mzee alirudi kwenye kigoda chake. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akaomba maji ya kunawa. Alikula vizuri, na baadaye mpasua mbao akampa ulanzi na wakazungumza mambo ya mbao za Makete kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi hakutuita tena. Alituona asubuhi tu, Bibi alipotushika mkono akatupeleka mpaka kwenye lori. Alinitazama sana, akamtazama mdogo wangu sana, akasema, kumbe ni hawa. Akapanda peke yake. Mke wa mpasua mbao akampigia kelele kutoka mlangoni kwamba safari nyingine atamfungia mtoto wake kengele, asije akaibiwa kwa kukonda. Safari hii baba mkubwa alicheka, na lori likaingia kwenye ukungu na kicheko chake.

Tangu mwaka ule, kila walipochimba viazi Matamba, lori lilishusha gunia kwetu. Hakulishusha mlangoni kwa mama. Alilishusha jikoni, na dereva alikuwa ameagizwa asiseme ni la nani.

Mama alirudi mahindi yakiwa mabichi. Alikuwa mwepesi, kifua kimepona, mkono wake umekuwa laini kwa kukaa hospitali. Alituvua nguo akatutazama mgongo, miguu, meno, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyemkopesha jirani. Kisha akakaa kitandani akaanza kuwaza shukrani. Alikuwa na kitambaa kizuri alichopewa na mtawa mmoja huko misheni, akataka kumpa aliyetulea. Akaniuliza ni nani. Nilifikiri sana, maana nilitaka kumjibu vizuri. Nikamwambia sijui. Akamwuliza Bibi, na Bibi akajifanya hasikii. Mwishowe mama alikitandaza kile kitambaa chini ya masinia, pale jikoni, kikala mchuzi mpaka kikaisha. Siku iliyofuata akauliza zamu yake ya kupika iko lini.

Bibi alikufa nikiwa nimeshaolewa. Wajukuu waligawana kiwanja, wakauza vipande, kila aliyenunua akaweka ukuta. Siwalaumu. Hata mimi vyumba vyangu Makambako kila kimoja kina jiko lake ndani, kwa sababu mpangaji wa leo hakubali vingine, na mimi ni mfanyabiashara. Watu wana gesi, wana umeme, hakuna anayehitaji makaa ya mwenzake. Mambo mengi yamekuwa mazuri. Mama yangu leo asingekohoa mpaka damu ndipo apelekwe hospitali. Au pengine angekohoa zaidi. Nani angejua kwamba mlangoni kwetu jioni ile hakutoka mtu?

Nilirudi kwa mwanangu jua likiwa limeanza kuchana ukungu. Watoto walikuwa wanatoka kwenda shule, geti moja wawili, geti moja mmoja, wamependeza, kila mmoja na begi lake na chupa yake ya maji yenye jina lake. Nikasimama kando nikawatazama wanavyotoka. Huyu wa ghorofani. Huyu wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yule aliyekonda, mwenye viatu vilivyopasuka, anatoka kwenye vibanda vya wapangaji kule chini, na anatembea nyuma ya wenzake. Sijawahi kukaa mtaa ule, na niliwajua wote kwa kuwatazama tu.

Baba mkubwa angekuja leo asingekosea hata mmoja. Angemwekea mkono kichwani yule wa nyuma, amchukue aende naye, na hakuna mwanamke ambaye angesema huyo ni wa kwangu.